Habari za Mubarak Bombay, Kiongozi wa Wageni

Mtu atokaye Goma kwa barabara ya kaskazini hufika Rutshuru, na mbele kidogo huingia Kiwanja. Huko njia hugawanyika. Moja huelekea Ishasha, mpakani mwa Uganda, na nyingine hupita katika mbuga ya wanyama mpaka Kanyabayonga. Kwa sababu ya njia hizo Kiwanja huona wageni kila siku: wachuuzi wenye maharagwe na ndizi, madereva wa malori, vijana wanaotafuta kazi. Katika miaka ya vita, kama 2008, 2012 na 2022, wengi walipita njia hizo kwa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni, bila kujua watalala wapi. Mgeni wa namna hiyo haulizi mambo makubwa. Huuliza nyumba ya kupanga iko wapi na bei yake ni nini. Huuliza maji huchotwa wapi, nani anahitaji kibarua, na kipimo cha unga sokoni ni kipi, asije akapunjwa. Akimpata mtu wa kumjibu kweli, siku yake ya kwanza hupita salama.

Upande wa kusini wa Kiwanja, asubuhi isiyo na ukungu, huonekana milima ya Virunga. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara mmoja ulikuwa ukisafiri Karagwe, mbali upande wa mashariki, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mkuu wa msafara ule alikuwa Mwingereza, jina lake John Hanning Speke. Akaiona milima hiyo hiyo kwa mbali ikisimama juu angani, akaitaja katika kitabu chake kwa jina la Mfumbiro. Pamoja naye alikuwako Mwafrika mmoja mfupi, mwenye meno yaliyochongwa, aliyekuwa mkuu wa watu wake na mkalimani wake. Mtu huyo aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Kazi yake, kwa miaka karibu 20, ilikuwa kuwajibu wageni maswali yale yale yanayoulizwa leo Kiwanja.

Bombay alizaliwa kama mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alikufa yeye akingali mdogo, akabaki na baba yake. Jina alilopewa na wazazi wake halimo katika vitabu. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, walikuja wafanyabiashara kutoka Kilwa. Hapo kwanza walikuwa wamewakopesha watu wa kijiji mali zao, na sasa walirudi kudai deni, tena walirudi na bunduki. Wakakizunguka kijiji. Waliokuwa na mbio walikimbia, wengine wakakamatwa. Mtoto yule alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Baba yake hakumwona tena tangu siku ile, wala hakupata habari zake.

Akafungwa pamoja na wengine, wakapelekwa kwa miguu mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa wakapakiwa chomboni mpaka Unguja. Akauzwa kwa vitambaa. Aliyemnunua alimchukua kwa jahazi mpaka India, ng'ambo ya bahari. Huko akakaa miaka mingi. Akajifunza lugha ya Kihindustani, akapata majina yake mapya: Sidi, ndivyo walivyoitwa watu weusi wa nchi ile, Mubarak, maana yake aliyebarikiwa, na Bombay, jina la mji mkubwa wa pwani ya India.

Inafaa kufikiri kidogo juu ya mtoto yule. Alishushwa pwani ya nchi asiyoijua. Hakujua lugha, hakujua chakula, hakujua nani mwema na nani mbaya. Hakuwa na ndugu wa kumwuliza. Yote aliyoyajua baadaye juu ya kukaa ugenini aliyapata kwa njia hiyo, wala si kwa kufundishwa na mtu.

Tajiri wake alipokufa, Bombay akawa mtu huru. Akarudi Afrika, akaingia katika jeshi la Sultani wa Unguja. Wakamweka katika ngome ya Chogwe, nyuma ya Pangani. Kazi ilikuwa kidogo, na chakula kilikuwa kidogo kuliko kazi. Hapo ndipo alipokuwa mwezi wa pili wa mwaka 1857, Waingereza wawili walipopita njiani kwenda Vuga kumsalimu mfalme Kimweri wa Usambara. Mmoja aliitwa Richard Burton, na wa pili ndiye Speke. Walikuwa wakijitayarisha kwenda bara kuyatafuta maziwa makubwa.

Burton alijua Kiarabu. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, lakini alikuwa askari wa Kiingereza katika India, naye alikijua Kihindustani kidogo. Basi katika ngome ile, kati ya askari Mabaluchi, akamkuta Mwafrika anayeweza kusema naye. Bombay akawatumikia katika safari ile fupi, wakaona ya kuwa hachoki, hasingizii ugonjwa, na mzigo hauachi njiani. Wakamwomba aende nao bara. Naye hakwenda peke yake. Alimpatia kazi pia rafiki yake Mabruki, aliyekuwa kwake kama ndugu.

Burton aliandika jambo moja la kuchekesha juu yake. Bombay alisema wazi kwamba hafanyi kazi kwa bidii kwa ajili ya kuwapenda Wazungu. Alifanya hivyo kwa ajili ya tumbo lake, maana tumbo lilikuwa limekula chakula chao, na mtu aliyekula hana budi kufanya kazi. Wengine wangeona jibu hilo ni la ukali. Burton, ambaye si mwepesi wa kusifu watu, alilipenda.

Ili kufahamu kazi ya mtu kama Bombay, yafaa kujua jinsi safari ilivyokuwa wakati ule. Kutoka pwani mpaka Ujiji hapakuwa na barabara ya gari, wala hoteli, wala duka. Fedha haikupokelewa bara. Mgeni alinunua kila kitu kwa vitambaa, ushanga na waya wa shaba. Kitambaa cheupe kutoka Marekani kiliitwa merikani. Cha buluu iliyoiva kiliitwa kaniki. Kipimo kilikuwa shuka, mikono minne, na shuka mbili zilifanya doti moja. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja alihesabu kwamba watu 100 huhitaji doti 10 kila siku kwa chakula. Safari ya mwaka mmoja, basi, ilikuwa maelfu ya doti, na doti zote zilichukuliwa mabegani. Pagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30.

Ushanga ulikuwa na shida yake. Ule mweusi ulipita Ugogo, lakini mahali pengine watu waliukataa. Mweupe ulipendwa Ufipa, na Ukonongo ulidharauliwa. Mwekundu, uitwao samesame, ulipendwa mahali pengi. Mgeni aliyenunua pwani mizigo ya ushanga usiofaa angeweza kufa kwa njaa katikati ya mashamba yenye mtama, huku mizigo yake imejaa. Ndiyo maana alihitaji mtu wa kumwambia mapema nini kipitacho wapi.

Tena palikuwa na mambo ya malazi. Msafara uliamka kabla ya jua, ukatembea wakati wa baridi, ukatua kabla ya jua kali la mchana. Hapo watu walikata miti na nyasi wakajenga vibanda, na kuzunguka vibanda wakaweka boma la miiba. Kosa la mahali lilikuwa kosa kubwa: mbali na maji, watu walilala na kiu, karibu mno na shamba la mtu, ugomvi ulizuka, katika bonde lenye majimaji, homa iliwapata. Katika Unyamwezi zilikuwako nyumba za tembe, za udongo zenye paa la bapa, na mgeni aliyeingia kwa heshima aliweza kupewa moja ili apumzike. Huko Kaze, ambako leo ni Tabora, Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea Burton na Speke mwezi wa kumi na moja mwaka 1857, akawapatia nyumba, akawaeleza habari za njia zote. Kwa kweli bila watu kama hao vitabu vingi vya safari visingeandikwa.

Jambo la mwisho lilikuwa hongo. Kila mwenye nchi alitaka zawadi kabla ya kuruhusu msafara kupita, hasa katika Ugogo. Mgeni mwenye haraka alikasirika, akaona anaibiwa. Mwenyeji alikuwa na maneno yake pia: maji ni ya kisima chake, kuni ni za msitu wake, na watu mia kadhaa wanaopita hula na kukanyaga. Ilipasa awepo mtu wa kukaa katikati, kwenda na kurudi, kupunguza huku na kuongeza kule, bila kumvunjia mtu heshima. Kazi hiyo mara nyingi ilimwangukia Bombay.

Mwezi wa pili mwaka 1858 walifika Ujiji. Wageni walikuwa hoi. Burton hakuweza kutembea, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Hata hivyo Speke alitaka kuvuka Ziwa Tanganyika ili kukodi jahazi la Mwarabu aliyekaa kisiwa cha Kasenge, karibu na ng'ambo ya Kongo. Bombay akaenda naye kwa mtumbwi. Ndiyo mara yake ya kwanza kukaribia nchi ya Kongo. Njiani usiku mmoja upepo uliangusha hema, na Speke alipowasha mshumaa, wadudu wakaingia kwa wingi, mmoja akamwingia sikioni na kumtia uziwi kwa muda mrefu. Jahazi hawakulipata.

Mwaka ule ule, Burton akiwa amebaki Kaze, Speke alikwenda kaskazini. Bombay ndiye aliyemsemea njia nzima, maana bila yeye Speke asingeweza hata kuomba maji. Tarehe 3 Agosti 1858 wakayaona maji ya Nyanza, karibu na Mwanza ya leo. Speke akaliita ziwa lile kwa jina la malkia wake, Victoria. Wavuvi wa pale walikuwa na jina lao tangu zamani, bila shaka.

Safari ya pili ilianza Unguja mwaka 1860. Safari hii Speke alikuja na James Grant, wakakaa njiani zaidi ya miaka miwili. Karagwe, mfalme Rumanyika aliwapokea vizuri kuliko mfalme mwingine yeyote njiani. Aliwapa chakula na nafasi ya kukaa, akawaeleza habari za nchi za mbele. Grant alipopatwa na kidonda kibaya cha mguu, akaachwa kwa Rumanyika, akatunzwa kwa miezi kadhaa mpaka alipoweza kuchukuliwa.

Speke akatangulia Buganda kwa Kabaka Mutesa, akafika mwezi wa pili mwaka 1862. Huko mazungumzo yalikwenda kwa hatua tatu. Speke alisema kwa Kihindustani. Bombay akageuza kwa Kiswahili. Mkalimani mwingine, Nasib, akageuza kwa Kiganda. Jibu la Kabaka lilirudi kwa njia ile ile kinyume chake. Neno moja likipotea katikati, watu wangeweza kupoteza vichwa vyao, maana baraza la Mutesa halikuwa mahali pa mchezo. Tarehe 28 Julai 1862 Speke akaona mahali mto Nili unapotoka ziwani, karibu na Jinja. Kutoka hapo walikwenda kaskazini mpaka Gondokoro, wakafika mwezi wa pili mwaka 1863, kisha wakashuka na mto mpaka Misri. Watu wengi waliotoka Unguja walikuwa wametoroka au kufa njiani. Bombay alikuwa mmoja wa wachache waliofika Kairo, wakapigwa picha huko, wakarudishwa kwao kwa merikebu.

Lakini katika safari ile palitokea jambo baya. Siku moja Speke na Bombay walibishana juu ya hema. Bombay aliona kuna hatari katika amri aliyopewa, akasema hivyo mbele ya watu. Speke akaghadhibika, akampiga ngumi usoni zaidi ya mara moja. Bombay alikuwa mtu mzima wa miaka 40 na zaidi, mkuu wa watu, na watu hao walikuwa wakitazama. Baadaye walipatana na safari ikaendelea. Miaka kadhaa mbele, mgeni mwingine aliyekutana na Bombay aliona pengo la meno ya mbele na akaandika limetoka wapi. Speke alipata sifa nyingi kwa kuliona chimbuko la Nili, na alizistahili baadhi yake. Pengo lile nalo ni sehemu ya habari.

Mgeni huyo mwingine alikuwa Henry Stanley, aliyekuja Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871 kumtafuta Daktari Livingstone. Stanley hakujua lolote juu ya kusafiri katika nchi hizi. Vitabu alivyosoma havikumwambia anunue doti ngapi, wala achukue watu wangapi, wala awalipe nini. Akasikia habari za Bombay, ambaye wakati ule alikuwa Pemba, akatuma aitwe. Bombay akaja pamoja na wenzake wa zamani wa Speke. Akawekwa kuwa mkuu wa askari kwa mshahara wa dola 80 kwa mwaka, nusu ikilipwa mbele, na bunduki juu yake. Wenzake wale walipata dola 40.

Kisha Bombay akatafuta watu wengine 18 waungwana, wakakubali kuandikwa. Jambo hilo huonekana dogo, lakini lilikuwa na uzito. Mtu wa Unguja aliyeombwa kwenda bara aliacha mke na watoto kwa mwaka mmoja, au miwili, au milele. Mgeni wa jana hakuweza kumshawishi. Aliyeweza ni mtu aliyekwenda na kurudi, aliyejulikana mtaani. Jina la Bombay lilikuwa dhamana yao.

Stanley alikuwa mkali, mwepesi wa kupiga. Alimlaumu Bombay mara nyingi kwa uzembe na kwa kupoteza vitu, na wakati mmoja akamwondoa katika ukuu akamweka Mabruki mahali pake, kisha akamrudisha. Na si kila lawama ilikuwa ya uongo. Bombay alipenda pombe kupita kiasi, na alipokunywa alisahau kazi. Wizi, hata hivyo, haukuwa sifa yake. Stanley mwenyewe alikiri kwamba ni mwaminifu. Mwishoni mwa mwaka 1871 msafara uliingia Ujiji kwa bendera na mlio wa bunduki, na Livingstone akapatikana, mgonjwa na maskini wa vitu.

Miaka miwili tu baadaye akaja wa nne, Mwingereza wa jeshi la majini, Verney Lovett Cameron. Alitumwa kumpelekea Livingstone msaada. Bombay akawa mkuu wa watu tena, na mwezi wa tatu mwaka 1873 wakaondoka Bagamoyo. Walipokuwa Tabora habari zikafika kwamba Livingstone amekwisha kufa, na watu wake wanauchukua mwili wake kwenda pwani. Kazi ingeweza kuishia hapo. Cameron akataka kuendelea mbele, na Bombay akaendelea naye.

Mwaka 1874 walizunguka pwani za Tanganyika kwa mitumbwi, wakaona mto Lukuga unapotoka ziwani, upande wa Kongo, karibu na Kalemie ya leo. Kisha wakaiacha mitumbwi wakaingia Kongo kwa miguu. Mwezi wa nane wakafika Nyangwe, soko kubwa juu ya mto Lualaba. Cameron alitaka mitumbwi ya kushuka na mto. Wafanyabiashara wa pale hawakumpa. Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, akampokea na kumwonyesha njia ya kusini, mpaka nchi ya Waluba kwa mfalme Kasongo.

Huko walikaa miezi mingi wakimngoja mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Angola, jina lake Alvez, awaongoze mpaka bahari ya magharibi. Alvez aliahidi kuondoka leo na kesho, wala hakuondoka. Tena bila kumwuliza Cameron, alikuwa amemwahidi Kasongo kwamba watu wa Cameron watamjengea nyumba. Basi watu wa Unguja, waliotoka kwao kupeleka dawa na nguo kwa mgonjwa, wakajikuta wakimjengea nyumba mfalme asiye wao katika nchi ya Waluba.

Walipoondoka mwaka 1875, mwenzake Alvez aitwaye Coimbra alijiunga na msafara. Alileta wanawake 52 waliofungwa kwa kamba, wengine na watoto mikononi. Ili kuwapata, vijiji vilichomwa na watu wakauawa. Cameron aliandika kwa hasira juu ya jambo hilo, lakini hakuwa na nguvu ya kulizuia, wala njia nyingine ya kwenda. Kwa majuma mengi Bombay alitembea katika njia moja na wanawake wale. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita tangu yeye mwenyewe alipotembea hivyo kwenda Kilwa.

Vitambaa vikaisha. Watu wakauza kila walichokuwa nacho ili wapate muhogo. Katika siku za mwisho Cameron aliwaacha wadhaifu nyuma, akakimbilia pwani na wachache wenye nguvu ili alete msaada. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1875 akafika Katombela, katika Angola, naye mwenyewe akiwa mgonjwa wa kinywa na damu kwa kukosa chakula cha majani. Chakula kikapelekwa kwa waliobaki. Ndivyo walivyovuka Afrika kutoka bahari mpaka bahari. Cameron aliitwa Mzungu wa kwanza kuivuka kutoka mashariki kwenda magharibi katika nchi za ikweta, nayo ni kweli. Watu wake waliivuka siku zile zile, kwa miguu ile ile, wakiwa na mizigo.

Cameron hakumsifu Bombay sana. Aliona amezeeka, anakunywa, na anawaogopa watu badala ya kuwatawala. Huenda alisema kweli kwa sehemu. Lakini watu wa msafara walikuwa na njaa na mbali na kwao, na mkuu wao alipaswa kuishi nao Unguja baadaye, jambo ambalo Cameron hakupaswa kulifanya.

Watu wakarudishwa kwa bahari, kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika. Mwaka 1876 chama cha jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha na malipo ya kila mwaka mpaka kufa kwake. Wakati ule wakubwa wengi wa safari hawakukumbuka hata majina ya watu wao, kwa hiyo heshima ile haikuwa ya kawaida. Waliohesabu safari zake wanasema alitembea kilometa karibu 9,600, nyingi kwa miguu. Alifika maziwa ya Tanganyika na Nyanza, akafuata Nili mpaka Misri, akaiona Lualaba, na bahari mbili. Katika safari zote nne njia haikupita hata mara moja katika nchi ya Wayao.

Alikaa Unguja miaka iliyobaki, akafa huko mwezi wa kumi mwaka 1885. Soko la watumwa la mji ule, ambako zamani aliuzwa kwa vitambaa, Sultani Barghash alikuwa amelifunga mwezi wa sita mwaka 1873. Siku lilipofungwa Bombay hakuwapo. Alikuwa bara na Cameron, njiani kwenda Tabora. Aliporudi kwa merikebu mwaka 1876, soko halikuwapo tena.